Sombe katika nchi ya mawe meusi

Tunapoombwa kuandika juu ya desturi za huku kwetu, wasomaji wengi wanangojea ngoma, mahari, majina ya wami na habari za mlima unaotoa moto. Mambo hayo yameandikwa, na mengine yataandikwa bado. Sisi tumechagua kitu kinachokaa kwenye sahani karibu kila juma, kitu ambacho mzee akianza kusimulia historia hafikiri hata kukitaja: sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa na mawese.

Tumeichagua juu ya sababu moja. Sombe si mmea wa Kibati. Kibati iko kando ya barabara ya Goma kwenda Rutshuru, kilometa kumi na kitu toka mjini, kati ya mita 1,800 na 2,000 juu ya bahari, kwenye miguu ya Nyiragongo. Wageni waliotaka kupanda mlima huo walianzia hapa, kwenye posti ya walinzi wa mbuga. Baridi ya usiku tunaijua. Ardhi yetu ni mawe meusi ya lava yenye udongo kidogo juu yake, na mvua ikinyesha inazama papo hapo. Muhogo unapenda joto. Ukipandwa juu namna hii, unakua polepole sana, na mtu anachoka kuungojea. Kwa hiyo mashamba yetu ni ya maharagi, mahindi, viazi, viazi vitamu, amateke, shu na poaro. Chukudu zinazoteremka toka Kibumba asubuhi zimebeba shu. Sombe inayoliwa Kibati inatoka Rutshuru, kwenye nchi ya joto, ama inafika Goma kwa mtumbwi toka upande wa Minova, inatelemshwa Kituku, kiisha inapanda tena kwetu juu ya moto au juu ya kichwa cha mama.

Basi swali la historia ni hili: namna gani watu wa nchi ya mawe na baridi, ambayo muhogo hauipendi, walifika kuwa watu wa sombe? Na tunaongeza swali la pili, ambalo kwetu ndilo zito zaidi: walijifunza wapi kula jani lenye sumu bila kufa?

Majani yaliyotangulia

Kabla ya sombe kulikuwa majani mengine. Wazee wa Bukumu walikula lenga-lenga, isogi yenye uchungu, majani ya maboga, na mushogoro, yaani majani machanga ya maharagi. Lenga-lenga ndiyo ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania wanaita mchicha, na watu wa Kinshasa wanaita bitekuteku. Inaota hata katikati ya mawe, mahali palipo udongo wa kujaza sufuria tu, na kiisha wiki tatu au nne tayari inachumwa. Isogi wengine wanaikimbia juu ya uchungu wake. Wanawake wanaoijua wanaitia maziwa au karanga na uchungu unatulia.

Tunataja majani haya mapema kwa sababu, kwa maoni yetu, ufunguo wa historia yote uko hapa. Sehemu hii ya Afrika ilikuwa tayari na desturi ya kula majani. Mama wa huku akiona mmea mpya hatazami mzizi na tunda peke yake. Anachuma jani changa, analisugua kwenye vidole, analinusa, na anajiuliza kama litaingia kwenye chungu. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini angalia kilichotokea muhogo ulipofika.

Mmea toka ng'ambo

Muhogo ulizaliwa Amerika ya Kusini, pande za Brazil. Wenyeji wa kule waliulima maelfu ya miaka kabla Mzungu hajafika. Wareno ndio waliouvusha bahari katika karne ya 16, wakauleta kwenye pwani ya Atlantiki, karibu na ufalme wa Kongo. Kutoka pale mmea ukaingia ndani ya bara mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, kwa njia za mito na za wafanyabiashara. (Tusiuonee muhogo peke yake: maharagi yetu, mahindi, viazi na tumbaku vyote vilitoka upande uleule wa dunia. Mtu anayesema atakula tu chakula cha babu zake wa kale, mbele ya sahani ya maharagi, ahesabu vizuri hao babu.)

Kule Brazil mzizi ndio chakula. Jani linaliwa kwa nadra. Kuna chakula kimoja mashuhuri cha jimbo la Pará, kinaitwa maniçoba: majani ya muhogo yaliyosagwa, yanachemshwa karibu siku saba, kiisha yanachanganywa na nyama ya nguruwe. Watu wa mji wa Belém wanakipika hasa kwa sikukuu yao kubwa ya mwezi wa Oktoba. Siku saba! Hicho ni chakula cha sikukuu. Nani angeweza kula hivyo kila Jumanne?

Lakini Afrika jani likawa mboga ya kila siku. Watu wa Msumbiji wana matapa yao, na wanatia karanga na nazi. Madagaska wana ravitoto, na wanapenda kuipika na nguruwe. Sierra Leone na Liberia wanayala na wali. Tanzania wanasema kisamvu, Kinshasa pondu, Brazzaville saka-saka, Rwanda na Burundi isombe. Mtu anaweza kutoka bahari moja mpaka bahari ya pili na kila siku akalala ameshiba jani lile lile. Wareno hawakumfundisha mtu hayo. Walileta mti; mboga ilitengenezwa na wanawake wa Afrika, waliokuwa na kinu tayari na desturi ya majani tayari.

Jina linasema nini

Hapa tuangalie neno, maana maneno nayo ni historia. Kiswahili chetu cha mashariki ya Kongo kilifika na misafara ya watu wa pwani, wale waliokuwa na vituo Nyangwe na Kasongo, Maniema, katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tippu Tip ndiye anayejulikana zaidi kati yao. Biashara yao ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa, na damu ilimwagika: tarehe 15 Julai 1871 Livingstone aliona kwa macho yake watu wa soko la Nyangwe, wengi wao wanawake, wakipigwa risasi na kuzama Lualaba. Watu hao wa misafara walituachia maneno mengi sana ya nyumba, ya sokoni na ya jikoni: sufuria, sahani, kitunguu, chumvi, na muhogo wenyewe.

Lakini kisamvu, neno la pwani, hatukulichukua. Sisi tulisema sombe na tunasema sombe. Tunafikiri jambo hilo lina maana. Kama mboga hii ingalifika kwetu pamoja na misafara ya pwani, jina lake lingalifika vilevile, sawa sufuria ilivyofika na jina lake. Kwa maoni yetu, watu wa ndani walikuwa na chakula chao na jina lao wenyewe, na Kiswahili kilipopita kikaliokota njiani. Wenzetu wanaosomea lugha watatusahihisha kama wana sababu bora.

Kuna habari nyingine ya wakati ule inayotusukuma upande huohuo. Mwaka 1887 Stanley alipopita kwenda kumtafuta Emin Pasha, aliacha sehemu ya msafara wake Yambuya, kwenye mto Aruwimi. Wengi wa watu hao walikuwa wapagazi wa Zanzibar, watu waliozoea muhogo tangu utoto. Aliporudi katika mwezi wa Agosti 1888 alikuta wengi sana wamekufa. Sababu zilikuwa nyingi, njaa, magonjwa, mapigo ya wakubwa wao. Lakini Stanley mwenyewe aliandika kwamba sababu moja kubwa ilikuwa muhogo mchungu ambao watu waliula bila kuulowesha vizuri. Mzanzibari alijua muhogo mtamu wa kwao. Wa msituni alikuwa hajafundishwa. Kwa hiyo kujua mmea hakutoshi. Mtu lazima ajue namna ya watu wa mahali pale.

Zamani za Wabelgiji, muhogo haukuwa tena jambo la hiari. Sheria ya mwaka 1917 iliruhusu serikali kulazimisha vijiji kulima mazao fulani, na dekreti ya mwaka 1933 ikaweka kazi hizo za lazima mpaka siku 60 kwa mwaka. Pamba ndiyo iliyochukiwa zaidi, lakini vyakula pia vilikuwemo, na muhogo ulipendwa na maofisa kwa kuwa unakaa ardhini ukingojea siku ya njaa. Kiisha njaa kubwa ya Ruzagayura, ya miaka 1943 na 1944, iliyoua watu wengi Rwanda na kufukuza wengine wengi kuvuka mpaka kuja kwetu, msukumo wa muhogo na viazi vitamu uliongezwa tena upande ule. Wakubwa walihesabu mashamba ya mizizi. Jani hawakulihesabu popote. Liliendelea kuingia chunguni bila kuandikwa.

Kuhusu Kibati yenyewe, sombe imepanda kwetu na barabara na soko. Mji wa Goma ulikua, watu wakaja toka Bukavu, Maniema, Kisangani, Rutshuru, kila mmoja na kinywa chake. Mama wa Kibati aliyeteremka kuuza maharagi alirudi na fungu la sombe. Bibi harusi aliyeolewa toka nchi ya joto alikuja na namna yake ya kutwanga. Leo, kwenye harusi au kilio, kama sombe haiko watu wanasema hawakula.

Sumu na kinu

Tufike sasa kwenye jambo ambalo sisi waalimu tunalifundisha darasani, na ambalo wasomaji wengi wamelisikia nusunusu.

Ndani ya jani la muhogo kuna kitu kinachoitwa linamarini. Peke yake kinakaa kimya. Lakini katika jani hilo hilo, kwenye chumba kingine, kuna kimeng'enya kinachoitwa linamarazi. Jani likiwa zima, hivi viwili havikutani. Likipondwa, kuta zinavunjika, vinakutana, na linamarini inavunjwavunjwa mpaka kutoa asidi ya sianidi, sumu ile inayoua. Msomaji atashtuka: basi kutwanga ndiko kunakotengeneza sumu? Ndiyo, na ndiko kunakoifukuza. Asidi hiyo inachemka kwenye nyuzi 26 tu, chini ya joto la mwili wa mtu. Ikizaliwa ndani ya kinu inaanza kuruka hewani. Moto wa sufuria unamaliza kazi. Linamarini ambayo haikuvunjwa haiogopi moto namna hiyo, inabaki ndani ya chakula na kwenda kuvunjwa tumboni.

Kwa hiyo mpango wa bibi zetu, kutwanga kwanza na kuchemsha kiisha, ndio mpango wenyewe wa kemia. Jani lina sumu hiyo kuliko nyama ya mzizi, lakini pia lina kimeng'enya kingi zaidi, na ndiyo maana kinu kinalishinda. Wengine siku hizi wanaanza kwa kumwagia majani maji ya moto ili yalainike na mkono usichoke. Afadhali waache. Maji ya moto yanaua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi, na kutwanga kunakofuata kunakuwa kwa uzuri tu.

Hakuna bibi aliyejua neno linamarini. Walijua kwamba sombe isiyotwangwa vizuri inaleta kizunguzungu na kutapika, na kwamba sufuria haifunikwi sana mwanzoni, inaachwa ipumue. Maarifa hayo yalipita toka mama kwa binti bila daftari, na yanaweza kupotea vilevile bila mtu kuandika kwamba yamepotea.

Kuhusu hatari, tuseme wazi ili tusitie watu woga wa bure. Ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ya mtu ghafla akawa kiwete, ulielezwa na daktari Trolli mwaka 1938 toka eneo la Kwango. Huo unatokana hasa na mizizi michungu isiyoloweshwa siku za kutosha, kwa watu wasiokula karibu kitu kingine. Sombe iliyotwangwa na kuiva haileti konzo. Karibu zaidi na sisi kuna habari ya kisiwa cha Idjwi. Kule katika miaka ya 1960 madaktari Delange na Ermans na wenzao walichunguza goita, ule uvimbe wa shingo. Iyodi ilikuwa pungufu kisiwa kizima, lakini upande wa kaskazini goita ilikuwa nyingi sana, na upande wa kusini-magharibi ilikuwa kidogo. Waligundua kwamba tofauti ilikuwa muhogo: mabaki ya sianidi yanapopita mwilini yanazuia shingo kuchukua ile iyodi kidogo iliyopo. Chumvi yenye iyodi imebadilisha mambo mengi tangu wakati ule. Basi anayependa muhogo na sombe aangalie chumvi anayonunua.

Faida yake mwilini

Watu wanasema sombe inaongeza damu. Kuna ukweli ndani, lakini si wote. Jani lina madini ya chuma, ila chuma cha majani mwili unakipokea kidogo kuliko cha nyama au samaki. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu asibaki nyumbani na sombe, aende kituo cha afya. Penye nguvu ya kweli ni protini. Jani la muhogo likikaushwa, kati ya sehemu 100 zake karibu 20 mpaka 30 ni protini, wakati mzizi wake hauna karibu chochote. Mtu anayekula bugali ya muhogo na sombe anakula mti mmoja, lakini anakula vyakula viwili tofauti kabisa.

Kivu tunajua maana ya jambo hili. Tumekuwa na neno letu, bwaki, kwa ule ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba na nywele nyekundu, ambao vitabu vinauita kwashiorkor. Mtoto wa bwaki mara nyingi ameshibishwa uji au bugali peke yake. Sombe pamoja na samaki wadogo ni kinga bora kuliko dawa nyingi. Na hapa samaki si wa urembo. Protini ya jani ina upungufu wa sehemu zenye salfa, na mwili unazihitaji sehemu hizo hizo kwa kugeuza mabaki ya sianidi na kuyatoa kwenye mkojo. Kijiko cha sambaza kinajaza upungufu huo.

Sambaza nao ni wageni, tukumbuke. Waliletwa toka ziwa Tanganyika na kumwagwa ndani ya Kivu karibu na mwaka 1959, kwa kuwa ziwa letu lilikuwa maskini wa samaki. Leo mtoto wa Goma haamini kwamba bibi yake alizaliwa kabla ya sambaza. Jani la Brazil, samaki wa Tanganyika, mafuta ya mawese toka nchi ya joto: hiyo ndiyo sahani tunayoiita ya kienyeji.

Na mawese yenyewe si rangi tu. Jani lina karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A ya macho. Karotini haiingii vizuri mwilini bila mafuta, na mawese mekundu yana karotini yake pia. Ila yasichomwe mpaka yawe meupe. Vitamini C, kinyume chake, karibu yote inakufa katika saa za moto. Nani ana mapera au marakuja aletee watoto baada ya chakula.

Namna ya Kibati

Tunaandika namna tuliyoiona kwenye nyumba nyingi. Yanachaguliwa majani machanga ya juu, manne au matano ya kila tawi. Ya chini ni magumu. Mwenye shamba asichume kila siku, kwa maana mti unaonyang'anywa majani unatoa mzizi mwembamba, na ugomvi kati ya bwana anayengoja muhogo na bibi anayetaka sombe ni wa zamani. Vikonyo vinatolewa, majani yanaoshwa. Kinu kinapokea kidogo kidogo pamoja na poaro, kitunguu, bilinganya na pilipili kubwa isiyowasha. Mchi unafanya kazi mpaka majani yawe laini sawa unga uliolowa.

Kiisha maji na moto. Hapa nyumba zinatofautiana: saa moja na nusu, saa mbili, wengine zaidi. Wasomaji wa bonde wasitucheke tukichelewa. Kwenye kimo chetu maji yanachemka karibu na nyuzi 94, hayafiki 100, na kila kitu kinaomba muda zaidi, maharagi kama sombe. Mawese, sambaza au ndagala na chumvi vinaingia mwishoni. Wengine wanatia karanga iliyosagwa, wengine maharagi. Kuna wapishi wanaotupia bikarbonati ili ilainike haraka na ibaki kijani. Rangi inapendeza, lakini vitamini zilizobaki zinakwenda nayo. Sisi hatuishauri.

Lenga-lenga haiombi hayo yote. Inakatwa, inaingia sufuriani na nyanya na kitunguu, dakika kumi au kumi na tano zinatosha. Ila hapa Kibati ioshwe sana, maana mlima ukitoa moshi, majivu na mvua yenye asidi vinashuka juu ya majani na kuyaacha na madoa. Inatusikitisha kusikia vijana wakiiita chakula cha maskini. Ndiyo iliyotulea wakati barabara ilipofungwa.

Moto, kuni na maji

Barabara ilifungwa mara nyingi. Mwisho wa Oktoba 2008, wakati wa vita vya CNDP, makumi ya maelfu ya watu walijaa Kibati, wengi wametoka Rutshuru, na kolera ikaingia kambini. Mwaka 2012 na 2013 vita vya M23 vilipita hapahapa. Mwezi wa tano 2021 lava iliteremka tena, sawa miaka 1977 na 2002. Toka mwaka 2022 wakimbizi wakajaa upya, Kibati na Kanyaruchinya, mpaka mji wa Goma uliposhikwa na M23 mwisho wa Januari 2025 na kambi zikavunjwa katika wiki zilizofuata.

Kambini mtu alipata, siku za bahati, unga, maharagi, mafuta na chumvi. Mboga hakupewa. Watu wa Rutshuru ni watu wa sombe. Walikuwa na mikono inayojua kutwanga, lakini kinu kilibaki kijijini, na kuni ziko ndani ya mbuga ya Virunga. Wanawake waliokwenda kuzitafuta walishambuliwa na kubakwa njiani, na mashirika mengi yameandika ushuhuda huo. Tunapoandika "chemsha saa mbili", tujue tunaandika nini. Saa mbili za moto zina mtu aliyezileta mgongoni.

Hata kwa aliye nyumbani kwake, makala ni mzigo. Makala mengi ya Goma yanatoka kwenye miti ya mbuga hiyo hiyo, na bei yake inapanda kila vita. Ndiyo maana tunaona sombe ikipunguziwa muda. Sokoni inauzwa imesagwa tayari na mashini, na si jambo baya, mashini inaponda vizuri kuliko mkono uliochoka. Ubaya ni kwamba mnunuzi anaiona laini na kufikiri imekwisha iva nusu. Inakaa dakika ishirini juu ya moto, inatiwa mawese, na watoto wanaitwa.

Kuna njia nyingine iliyotolewa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia pamoja na mwenzake, mwaka 2014. Majani yanatwangwa vizuri, yanatandazwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sumu iruke, kiisha yanaoshwa na maji safi mara tatu. Baada ya hapo moto kidogo tu unatosha, na vitamini na protini vinabaki kwa wingi. Tuliisoma njia hii kwa furaha, maana inaponya kuni na inaponya miguu ya wanawake. Hata saa zile za kungoja hazina shida: asubuhi kinu, mchana kazi ya shamba, jioni chungu.

Kiisha tukaangalia ile ya kuosha mara tatu. Kibati haina mto. Lava inakunywa mvua yote, na tunaishi na maji ya paa yaliyokusanywa kwenye pipa, au bidoni ya litre 20 iliyopandishwa toka chini na kununuliwa. Kiangazi, mama anapima maji ya kunywa, ya kupika na ya kumwogesha mtoto, na yale ya kuosha sahani anayatumia mara mbili. Wataalamu walitafuta kuokoa moto, na wakasahau kwamba kuna vijiji ambako maji ni ghali kuliko makala.

Tumezungumza na wamama kadhaa wa jirani juu ya jambo hili. Waliona kwamba wakati wa mvua, pipa likiwa limejaa na kuni zimelowa, njia ya kuosha inafaa. Kiangazi, kuni zikiwa kavu na pipa tupu, warudi kwenye moto mrefu wa bibi zao. Mmoja wao aliongeza kwamba maji ya kwanza ya kuosha, yale ya kijani, yasipewe mbuzi wala kuku, yamwagwe mbali na nyumba.